Jinsi nilivyoiokoa riwaya yangu

Mwaka mzima riwaya yangu ilikuwa imetawanyika: sura mbili kwenye simu, moja kwenye kompyuta, mazungumzo ya wahusika nyuma ya risiti za duka. Nikikaa kuandika, saa nzima inaishia kutafuta nakala ya mwisho ni ipi. Nikachoka, nikaacha.

Nilipoirudia, nilianza kwa kukusanya kila kitu kwenye faili moja la Google Docs. Ukifungua historia ya matoleo unaona ulichofuta juzi na unaweza kukirudisha, basi hofu ya kufuta ikanitoka. Kisha daftari la wahusika: umri, mtoto wa nani, anakaa Kibokoni au Likoni, hapa Mombasa. Mama mkwe mmoja nilikuwa nimempa majina mawili!

Muda naupima kwa mbinu ya Pomodoro aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya 1980: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Simu naiacha chumba kingine.

Lakini kilichoniinua hasa ni mwenzangu mmoja. Kila Alhamisi baada ya Isha tunakaa barazani kwao, Mji wa Kale, kahawa tungu mkononi, namsomea kurasa tatu. "Hapa umenipoteza, ndugu yangu," husema, nami natia alama ya penseli pembeni. Kujua kwamba kuna mtu ananingoja kumenifaa kuliko programu yoyote.

Wiki iliyopita hakukosoa kitu. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Ehe, kisha ikawaje?"

Sura ya nane naianza kesho alfajiri.