Tambuu ya bibi na sirih ya Wamalei

Bibi yangu hapa Ujiji alikuwa na kijaluba chake cha bati, na ole wako ukiguse. Ndani majani ya tambuu, popoo zilizokatwa katwa, chokaa, na tumbaku kidogo siku akijisikia, basi akishaswali adhuhuri anajikalia zake barazani anatafuna mpaka mdomo wote mwekunduuu, sisi wajukuu tukidhani anatema damu. Ule mchanganyiko wote akiuita uraibu, siku hizi ukisema uraibu watu wanawaza unga tu.

Sasa juzi nimekutana na neno sirih. Kumbe ndo tambuu kwa Kimalei na Kiindonesia! Na popoo wao wanaita pinang, kile kisiwa cha Penang kule Malaysia jina lake limetoka hapohapo, yaani kisiwa cha popoo. Kilichonifurahisha ni kwamba wao kama sisi, jani lina jina lake na kokwa ina jina lake. Waingereza wamevuruga, popoo wameipa jina la jani, mtu anasoma anadhani ni tunda la mtambuu wakati mtambuu ni mmea wa kutambaa, ndugu yake pilipili manga, na popoo inatoka kwenye mpopoo, mti mrefu umenyooka jamii ya minazi. Vinakutana mdomoni tu.

Ila wenzetu wameipeleka mbali aisee. Dibaji ya kitabu Kiindonesia wanaweza kuiita sekapur sirih, yaani chokaa na tambuu, maana kwa mila zao mgeni anakaribishwa tambuu kwanza ndo maneno yafuate. Watu wakifanana wanasema kama pinang iliyopasuliwa vipande viwili, sisi tungesema shilingi kwa ya pili. (Kiafya msiniulize, popoo inaleta kansa ya mdomo hata bila tumbaku, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishaliweka wazi hilo 2004. Bibi asingesikia lakini.)

Na kuposa je? Wanasema meminang, kutoka hiyohiyo pinang, kwa sababu wazee wa mwanaume walikuwa wanaenda na tambuu na popoo kwa kina binti. Yaani kwa Kiswahili ingekuwa kijana anasema "nimekuja kupopoa", sasa hapa Ujiji ukisema unakuja kupopoa mwenye nyumba anakimbilia kulinda maembe yake.