Mshale ulifika wapi

Juzi mtoto kaniuliza, baba mbona kila asubuhi kabla hujawasha gari unafungua kile kifuniko cha oili unakigeuza unakinusa. Nikamwambia naangalia oili. Akasema, oili si ina kijiti chake? Nikabaki nacheka maana kweli ina kijiti chake, mimi pale chini ya kifuniko natafuta kitu kingine kabisa, na gari iliyowahi kunionyesha kitu hicho ilishauzwa zamani.

Gari yenyewe ni ile nyeupe ya mzee wangu. Iliunguza hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku ya chini, nikiwa nayo mimi. Dalili zote zilikuwepo, moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu, rejeta inatoa mapovu injini ikiunguruma, na nilipofungua kifuniko nikakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. (Kautando kadogo pale siyo lazima iwe gasketi, gari ya safari fupi fupi haipati moto wa kukausha unyevu. Ila hii haikuwa kautando.) Mzee akasema tuipeleke gereji, mimi nikagoma, nikasema naifanya mwenyewe hapa hapa nyumbani. Watu wakadhani najua sana. Ukweli sikutaka fundi aione ile hedi halafu amweleze mzee imepinda kiasi gani.

Kufungua kulikula siku 2, sina mengi ya kusema, mipira, waya, manifodi, belti ya taiming, kila kitu na kopo lake. Bolti za hedi zilikuwa 10, nikazilegeza kidogo kidogo kuanzia za nje kuja katikati. Hedi ilipotoka ndo nikaona, pistoni 3 nyeusi tii kwa kaboni na moja, ya silinda ya 3, inang'aa kama imesuguliwa, maana maji yalikuwa yanaingia mle na mvuke ukaiosha. Nikalaza rula ya chuma juu ya hedi nikapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ya milimita 0.05 ambayo kitabu kilisema isipite, ikapita. Ya 0.10 ikapita. Ya 0.15 nayo ikapita bila hata kugusa. Hedi ya alumini ikipata moto inataka kutanuka kuliko bloku ya chuma iliyo chini yake, na bolti zimeikaba, sasa itaenda wapi, inapinda. Nikaizungushia blanketi nikaipeleka ikachongwe, mzee hayupo.

Kufunga ndo nakukumbuka mpaka leo. Jioni, mashimo ya bolti nishayakausha kwa kitambaa nilichoviringisha kwenye bisibisi, maana maji yakibaki mle chini bolti ikishuka hayana pa kwenda, bloku inaweza kupasuka. Bolti mpya, gasketi mpya, kila kichwa cha bolti nimekipaka nukta nyeupe. Mzee akaja na tochi akasimama kwa nyuma, hasemi kitu. Nikaanza katikati kwenda nje, kwanza kwa spana ya kupimia ile inayolia ka, halafu nyuzi 90 kila moja, halafu 90 nyingine. Hiyo ya pili ndo mtihani. Ya kwanza bolti inakaza, ya pili unasikia kabisa mkononi kwamba sasa haikazi, inavutika, na ndivyo inavyotakiwa, lakini moyo unakwambia hii inakatika sasa hivi na kipande kinabaki ndani. Nikawa navuta nasimama, navuta nasimama, jasho linadondokea kwenye vali kava niliyoiweka miguuni.

Nipo kwenye bolti ya 9, nukta iko nusu njia, mzee akauliza, "Mshale ulifika wapi?"

Mshale wa joto. Ulilala kwenye nyekundu mwendo mrefu tu, nikauona, nikasema nitafika, nilikokuwa nawahi wala hapakuwa na maana. Nikamjibu, "Haukuvuka robo tatu."

Tochi haikutikisika. Akakaa kidogo, akasema, "Haya, vuta."

Nikavuta. Ya 10 sikumbuki hata nilivyoifunga.

Yaliyobaki yalienda, nikaweka taiming, nikazungusha injini kwa mkono mara 2 nisije nikagonganisha vali na pistoni, oili nikabadilisha mara 2 ndani ya wiki, upepo kwenye maji nikautoa. Iliwaka ya pili. Ikatembea miaka mpaka mzee alipoiuza mwenyewe.

Sikuwahi kumwambia na yeye hakuuliza tena, labda alijua siku ileile, labda aliniamini kweli, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi. Ila mpaka leo akijua niko safarini anapiga simu, hata salamu bado, "mshale uko wapi?" Namwambia nusu, mzee.

Na huwa ni nusu kweli.