Masika yaliyoingia ndani ya gari

Mama yangu ana pumu, na masika ya 2017 hapa Tanga gari langu lilianza kumkaba. Akikaa kiti cha mbele, hatujafika mbali ameshaanza kukohoa na kushusha kioo, mvua inamlowesha mkono. Ndani mlikuwa na uvundo wa nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Chini ya miguu yake kapeti lilikuwa linatoa maji ukilikanyaga. Upande wa dereva, pakavu kabisa.

Gereji ya kwanza waliangalia kioo cha mbele, wakasema raba imechoka, wakazungushia silikoni, wakachukua hela yao. Mvua iliyofuata, kapeti likalowa vilevile. Niliporudi wakaniambia basi itakuwa mlango. Nilikasirika, maana hakuna aliyefunua chochote akatazama.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Chumbageni, fundi wa umeme wa magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Maji hayo yanaingia mvua ikinyesha tu, au hata kiangazi ukiwasha AC?"

Nikamwambia ni mvua tu. Akachovya kidole kwenye kapeti, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. Maji ya rejeta yana utelezi na harufu tamutamu, akanieleza; haya yalikuwa maji matupu. Kisha akawasha feni. Ndani ya dashibodi tukasikia chapuchapu, kama mtu anachapa maji kwa kiganja. Akaizima hapohapo.

Mimi nikajikunja chini ya dashibodi na tochi, kijana wake akabaki nje na mpira wa maji. Mzee alimkataza kumwagia gari zima. Aanze na mlango peke yake, atulie hapo, ahamie pembe za kioo, ndipo aende chini kwenye waipa. Mlango, hakuna kitu. Kioo, hakuna kitu. Alipofika kwenye waipa nikaona tone limening'inia ukingoni mwa boksi la feni, likadondoka, likafuata jingine, halafu yakawa yanachuruzika. "Hapohapo!" nikapiga kelele.

Wakafungua waipa na ile plastiki nyeusi yenye matundu iliyo chini ya kioo. Gari hulala chini ya mwarobaini, na vijani vyake vyembamba vinapenya matundu yale. Majani ya mkungu yasingepita. Humo ndani kuna mfereji wa bati wenye tundu la kutolea maji kila pembe. La kushoto lilizibwa na majani yaliyooza hadi yakawa udongo mweusi, na mche mdogo ulishaanza kuota. Maji yakikosa pa kutokea hupanda mpaka kwenye mdomo wa feni, ambao kwa magari yetu mengi ya usukani wa kulia uko upande wa abiria, kisha yanamshukia miguuni. Kioo hakikuwa na tatizo tangu mwanzo.

Kukausha ndiko kulikochosha. Mzee alichomoa betri kwanza, kwa sababu ya nyaya za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumka gari likigonga, zinazopita chini ya viti, ndipo tukatoa viti na kufunua kapeti. Juu lilishaanza kukauka, lakini sifongo ya chini yake ukiiminya, maji yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Watu wanashinda wamefungua milango juani wakidhani wamemaliza, kumbe unyevu wote umelala humo. Tuliianika siku kadhaa tukiigeuzageuza.

Yeye macho yake yalikuwa kwenye nyaya za kando ya mlango. Soketi moja ilishaota kutu ya kijani, akaisafisha pini moja moja kwa mswaki.

"Ungengoja masika yaishe, mwanangu, umeme ungekusumbua na usingejua umeanzia wapi."

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama kliniki, mvua inanyesha, vioo vimefungwa. Alizungumza njia nzima, hakukohoa. Nilifurahi mno.

Siku hizi, kabla ya masika na kabla ya vuli, namwaga jagi la maji chini ya kioo, nachungulia nyuma ya matairi ya mbele. Yakimwagika kwa kasi pande zote mbili, nafunga boneti. Upande mmoja ukisuasua, nafuata spana.