Fosi septiki juu ya lava: jinsi nilivyopanga tiyo zake Goma

Parseli yetu iko juu ya lava ya 2002, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Fundi alitaka shimo la mita tatu kwa fosi septiki, yaani tangi linalopokea maji machafu ya choo. Kwa nyundo na tindo, kila sentimita ni pesa. Tena lava imejaa nyufa: maji machafu yanapenya upesi bila kuchujwa, yakielekea Kivu, ziwa ambalo watu wanachota.

Basi badala ya kuchimba, nikaanza na vimo, kabla ya fondasio. Tiyo ya milimita 110 inataka kushuka kama sentimita 2 kila mita. Kutoka choo hadi fosi ni mita 12, basi sentimita 24. Nilipima kwa bomba jembamba la mpira linaloonyesha maji ndani: kwenye ncha zote mbili maji yanasimama kimo kimoja. Chombo cha bei ndogo, na hakidanganyi mradi hakina mapovu. Kisha tukainua sakafu ya nyumba yote, ili tiyo ishuke bila kuchimba sana. Fosi ya vyumba viwili ikakaa nusu juu ya ardhi, ikapigwa plasta ya simenti ndani.

Upande ambako maji yanatoka kwenye fosi, mchanga ndio unaochuja. Tuliutandaza juu ya mwamba, unene wa sentimita 60, halafu kokoto na tiyo zenye matundu, karibu bila mteremko ili maji yagawanyike sawa. Juu kabisa udongo na majani mafupi. Miti hapana, mizizi inatafuta maji. Kifuniko cha kunyonyea tope tulikiweka upande wa geti, lori lisikanyage mchanga.