Funga Daftari Kwanza

Ukipita Ngamiani, mjini Tanga, usiku katika miezi ya kuelekea mitihani ya taifa ya Novemba, utawakuta vijana wa kidato cha pili na cha nne wamekaa barazani chini ya taa, kila mmoja na daftari lake, wakisoma kwa sauti ya chini. Bidii hiyo naiheshimu sana. Kinachonisumbua ni namna ya usomaji wenyewe, kwani wengi wao huyapitia maandishi yaleyale tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha wakaanza upya, na kwa kuwa kila wanaporudia maneno huzidi kuwa mepesi machoni, huamini kwamba yameshaingia kichwani.

Binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alinijia hivi karibuni na daftari la Historia.

“Shangazi, mada hii nimeisoma mara tatu, naijua.”

“Haya mwanangu, lifunge hilo daftari unieleze. Kwa nini watu wa Pangani waliinuka dhidi ya Wajerumani mwaka 1888?”

Alimtaja Abushiri bin Salim, akataja kwamba alinyongwa palepale Pangani Desemba 1889, kisha akanyamaza. Sababu zenyewe, yaani kwamba Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imepewa mwambao kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na kwamba ilipoingia mwezi Agosti ilitaka kukusanya ushuru na kupandisha bendera yake bila kujali heshima ya liwali, mwakilishi wa Sultani, wala ya wenyeji, zilikuwa zimeandikwa vizuri daftarini kwa kalamu nyekundu. Sikumruhusu afungue mara moja. Nilimwacha ahangaike nazo kwa muda, aandike hata kile asichokuwa na hakika nacho, na alipofungua hatimaye hakusoma ukurasa mzima. Alikwenda moja kwa moja kwenye mistari iliyomshinda. Jioni iliyofuata nilimwuliza swali lilelile, akalijibu akiwa anamenya viazi.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma. Baadhi waliambiwa wazirudie kuzisoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuzitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kidogo; walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima wenyewe waliwaacha wenzao mbali. Naomba wanafunzi waitazame kwa makini tofauti hiyo ya muda, kwa sababu ndiyo inayowahadaa. Anayebukua usiku mzima huenda akafanya vizuri katika jaribio la kesho yake, akadhani njia yake ni sahihi, ilhali mtihani wa taifa unamdai mambo aliyofundishwa tangu kidato cha kwanza.

Kwa hiyo mada haidurusiwi mara moja ikaachwa. Ijaribu leo daftari likiwa limefungwa, ijaribu tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na zile zinazokupa taabu zipewe zamu nyingi zaidi kuliko zile unazozipenda. Katika Hisabati ni vyema pia kuyachanganya maswali ya mada mbalimbali, maana kwenye chumba cha mtihani hakuna anayekwambia swali hili linataka kanuni ipi. Usingizi nao usikatwe, hasa katika juma lenyewe la mtihani, kwa kuwa ubongo huendelea kuyapanga uliyojifunza wakati umelala.

Liko jambo jingine ambalo kwetu haliwezi kupuuzwa. Mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi ya serikali huingia sekondari akakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza, na wengi hujiokoa kwa kukariri sentensi wasizozielewa. Swali likibadilishwa neno moja tu, hukwama. Mimi huwashauri wajieleze mada kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno yao wenyewe, hadi waone kwamba wameielewa, kisha waandike jibu kamili kwa Kiingereza, kwani alama zitatolewa kwa hilo la mwisho. Mwalimu anayekataza Kiswahili hata wakati wa kudurusu anamnyima mwanafunzi njia ya kujua kama ameelewa au amekariri tu, na sidhani kama ni haki.

Moko, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, nayo hutumiwa vibaya. Matokeo yakitoka, nyumbani tunauliza tu divisheni ngapi, karatasi ikatupwa kabatini, wakati ndiyo yenye faida kubwa kuliko kitabu chochote cha maswali kinachouzwa mjini. Kila swali lililokosewa lirudiwe upya kwenye karatasi safi, na mwanafunzi aandike kando kama alikosa kwa kutojua, kwa kutolielewa swali, au kwa kuishiwa muda, kwa sababu kila kosa lina tiba yake.

Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha kwenye tovuti yake, bila malipo, fomati za mitihani pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hizo huonyesha swali lilivyoulizwa, wengi walikosea wapi, na hata mifano ya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe. Vijana wengi ninaokutana nao hawajawahi kuziona. Mzazi, kaka au dada mwenye simu ya intaneti ampakulie kijana wake angalau zile za masomo mawili yanayomsumbua, na ikiwezekana azichapishe, ili aweze kujaribu swali kwanza kabla ya kufunua ukurasa wa majibu.