Castrillo, kijiji chenye nyota kwenye ngao

Juni ile nilikuwa natembea njia ya mahujaji ya Santiago huko Hispania, kutokea mji wa Burgos, nikafika Castrojeriz kisigino kimejaa malengelenge, asubuhi yake nikaamua siendi na wenzangu, naenda kwanza kwenye kijiji nilichokuwa nakitamani siku nyingi, Castrillo Mota de Judíos, kipo karibu tu, unapita mashamba ya ngano pande zote, hamna mti wa kujikinga na jua, upepo tu.

Niwaambie kwa nini. Hadi 2015 hicho kijiji kiliitwa Castrillo Matajudíos. Mata kwa Kihispania ni kuua, judíos ni Wayahudi. Yaani mtu akikuuliza kwenu wapi, unamjibu "Ua-Wayahudi". Watu wamezaliwa, wameoa na wamezikwa chini ya jina hilo karne na karne. Mi ni Mwislamu, na kwenye njia hiyohiyo huyo mtakatifu Yakobo, ndo Santiago mwenyewe, wamemchonga juu ya farasi anaitwa Matamoros, muua Wamori, yaani Waislamu wa Hispania ya zamani, kwa hiyo hilo neno mata nilikuwa nalijua linavyouma.

Kumbe mwanzoni halikuwa hivyo kabisa. Mwaka 1035 Wayahudi walikimbia mauaji hapohapo Castrojeriz nilipolala, wakaja kukaa kwenye kilima, na kilima ndo mota. Kilima cha Wayahudi, basi. Halafu 1492 malkia Isabel na mfalme Fernando wakatoa amri, Myahudi abatizwe au aihame Hispania. Karne ya 17 ndo jina likaanza kuandikwa Mata. Wapo wanaosema karani alikosea, wapo wanaosema wale waliobatizwa walilibadilisha wenyewe ili wasishukiwe. Hii ya pili ndo inayoniumiza, we fikiria hofu ya mtu mpaka anaweka kifo cha babu zake kwenye jina la kwao.

Sasa ngao, yaani ile nembo ya mji. Ukitembea Burgos unazoea kuziona, ngome ya Castilla, simba wa León, hizo ni falme za zamani, zimechongwa kwenye mawe juu ya milango mpaka huzitazami tena. Ngao ya Castrillo ina nyota ya Daudi. Pembe sita, huwezi kuikosea. Na ilikuwa nayo hata wakati kijiji bado kinaitwa lile jina la kuua, jina linasema hivi na ngao inasema vile, kibao kimoja. Nilisimama pale muda mrefu sana, naitazama tu ile nyota, nikawaza kwamba kuna watu hapa hawakukubali kusahau.

Mei 2014 wakapiga kura, 29 wakataka jina la zamani lirudi, 19 wakakataa. Kijiji hakina hata watu 100, na wakati huo hakukuwa na Myahudi aliyeishi hapo. Nawaheshimu sana wale 29.

Nikamkuta mzee kakaa kivulini mlangoni kwake, nikamsalimia, nikamuuliza kilima cha zamani kiko wapi, ila nilivyokitaja nikateleza nikasema Mata. Hakukasirika. Akaninyooshea fimbo kule juu, akasema Mota, akaivuta ile o, akasubiri. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akaisema tena taratibu, Mo-ta, mpaka nilipoitamka sawasawa ndo akaniachia niende.