Ninavyokagua miguu na nyayo kutafuta dalili za mapema za saratani ya ngozi

Wengi huamini ngozi nyeusi haipati saratani ya ngozi. Ni kweli weusi hupunguza madhara ya jua, lakini melanoma, ambayo ni saratani kali ya ngozi, inapompata mtu mweusi mara nyingi huota pale jua lisipofika: kwenye unyayo, katikati ya vidole au chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa 1977, naye akafariki 1981 akiwa na miaka 36.

Mimi hukagua kila mwezi, baada ya kuoga. Nafuta rangi yote ya kucha, nakaa penye mwanga wa dirisha na kulaza kioo sakafuni ili nione unyayo wote. Naanzia kwenye muundi na shavu la mguu, nashuka vifundoni na kisiginoni, kisha natanua vidole kimoja kimoja. Kila doa nalipiga picha na rula kando yake, kwa umbali uleule na mwanga uleule. Bila picha ya mwezi uliopita huwezi kujua kama doa limekua.

Doa la kutiliwa shaka ni lile ambalo nusu yake moja haifanani na nyingine, kingo zake hazieleweki, lina rangi zaidi ya moja, au limezidi milimita 6. Ila kwangu mabadiliko ndiyo yenye uzito kuliko yote hayo, maana melanoma changa huweza kuwa ndogo kuliko kipimo hicho. Nyingine hata haina weusi: hutokea kama kinundu chekundu au cha waridi, na watu hukidhania chunjua. Kwa hiyo usichome wala kukwangua chunjua iliyojitokeza ghafla ukubwani kabla haijaonwa na daktari.

Kucha ndizo zinazochanganya zaidi. Mistari myeusi iliyonyooka kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa mtu mweusi. Ninachokiogopa ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, hasa wa gumba, wenye upana unaozidi milimita 3, au mpana zaidi shinani kuliko nchani, kwa sababu hiyo huonyesha kwamba chanzo chake kinaendelea kupanuka. Weusi ukivuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka, usisubiri mwezi mwingine.

Je, kama ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa? Ukucha wa mguu hukua takriban milimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi, na damu husogea nao kuelekea nchani, ikiacha sehemu safi nyuma yake. Pima kwa rula kutoka shinani. Kama baada ya miezi miwili doa halijasogea, nenda kwa daktari wa ngozi, hata kama unakumbuka vizuri ulipojikwaa.

Kidonda nacho kina hesabu yake. Kovu la moto au kidonda ndugu cha miaka mingi huweza kugeuka saratani ya aina nyingine. Acha mazoea ya kukifunga bandeji bila kukitazama. Angalia kama ukingo umeinuka na kuwa mgumu, kama nyama inaota kupita ukingo, kama kinatoa damu kikiguswa kidogo tu au kimeanza kunuka upya. Mwenye kisukari awe makini maradufu, kwani huambiwa upesi kwamba ni sukari.

Ukifika kwa daktari, peleka picha zako na uulize kuhusu kukatwa kipande kidogo kwa ajili ya maabara. Kwa ukucha, kipande hicho kitoke shinani, mahali rangi inapozaliwa. Ncha ya ukucha iliyokatwa haitoshi. Majibu yakisema ni melanoma, ulizia unene wake kwa milimita. Ikiwa chini ya milimita 1, mara nyingi kuikata tu hutosha kuiponya.